Mtu Mmoja Akiongezeka: Mjadala Juu ya 47,564,296

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, Kenya ilianza kuhesabu watu wake. Tarehe 4 Novemba mwaka huo jumla ikatangazwa: 47,564,296. Wanaume walikuwa 23,548,056, wanawake 24,014,716, na watu wenye jinsia mbili 1,524. Kaunti ya Bomet ilipata 875,689, na ndani yake kaunti ndogo ya Sotik ikapata 227,855.

Tangu siku hiyo namba ile ya taifa imetumika kugawa fedha na kupanga shule, na imepelekwa hadi mahakamani. Hapa tunaitazama kwa jicho jingine: kama namba nzima tu, yenye vigawo vyake na tabia zake. Hoja iliyo mezani ni hii: sifa za kihisabati za namba kubwa zinamfaa mtu wa kawaida wa Sotik.

Sauti ni nne, nazo ni misimamo niliyoipanga nikaipa midomo. Si watu wa kuwatafuta sokoni. Mwalimu, mstaafu wa hisabati katika shule ya upili, anaunga mkono hoja. Kogo, bibi mwenye ekari yake ya chai na ng'ombe wawili wa maziwa, anapinga. Karani wa kituo cha chai na Fundi wa simu wamekuja bila upande. Mimi ni mwenyekiti, na kazi yangu ni kuwazuia wasiongee wote kwa mpigo.

Namba inavunjwa

MWALIMU: Chamgei, Kogo. Chamgei nyote. Mwenyekiti, sitaki kuisifu namba hii kwa maneno. Nataka niivunje mkiona. Inaishia na 6, kwa hiyo ni shufwa. Tarakimu zake tatu za mwisho ni 296, na 296 ni 8 mara 37. Elfu moja inagawanyika kwa 8, kwa hiyo tarakimu tatu za mwisho zikigawanyika kwa 8, namba yote inagawanyika.

Sasa tujaribu 7, 11 na 13 kwa pigo moja. Ukizizidisha zote tatu unapata 1,001, na hapo ndipo njia ya mkato inapotoka. Kata namba vipande vya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia: 296, 564, 47. Jumlisha cha kwanza na cha tatu, unapata 343. Toa hiyo kwenye 564, inabaki 221. Na 221 ni 13 mara 17. Basi namba yetu inagawanyika kwa 13, lakini haigawanyiki kwa 7 wala kwa 11. Hakuna aliyetoa kikokotoo.

Ukishaigawa kwa 8 na kwa 13 unabaki na 457,349, ambayo ni 19 mara 24,071. Na hapo tumefika mwisho, maana 24,071 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kulithibitisha hilo si kazi ya kujaribu namba elfu 24. Kwa kuwa 156 mara 156 inaipita, yatosha kujaribu namba tasa zilizo chini ya 156, nazo ni 36 tu. Kwa hiyo Wakenya waliohesabiwa mwaka 2019 ni 8 mara 13 mara 19 mara 24,071, na namba yao ina vigawo 32, wala hakuna njia nyingine ya kuivunja hadi kwenye namba tasa.

KOGO: Umehesabu vizuri, Mwalimu, na nimekufuata hatua kwa hatua. Sasa niambie, hiyo 13 ni akina nani? Nikipeleka kilo 30 za majani kituoni, najua 30 inagawanyika kwa 2, kwa 3 na kwa 5. Dereva wa lori hajui, kiwanda hakijui, na bonasi ikija haijui. Kilo 31 nazo ni namba tasa yako, haigawanyiki. Nalipwa zaidi kwa kilo 31, Mwalimu, na hakuna aliyeniambia kuwa ni tasa.

KARANI: Hapo Kogo kasema.

KOGO: Sijamaliza, mwanangu. Usiku ule wa sensa, msichana wa jirani yangu alikuwa na uchungu wa kuzaa. Wakasema anayehesabiwa ni aliyekuwa hai saa sita ya usiku. Mtoto akalia, na hakuna aliyekuwa ametazama saa. Karani wa sensa alimwandika au hakumwandika, mimi sijui. Nauliza hivi: huyo mtoto mmoja akiongezeka, 13 yako inabaki?

MWALIMU: Haibaki.

KOGO: Na 19?

MWALIMU: Haibaki hata moja, Kogo, na hilo si jambo la bahati. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Sababu ni nyepesi: chochote kinachogawa zote mbili lazima kigawe tofauti yao, na tofauti yao ni 1. Ukimwongeza mtoto huyo unapata 47,564,297. Zimetoka 2, 13, 19 na 24,071, zote. Imeingia 11, maana namba hiyo mpya ni 11 mara 4,324,027. Ukimpunguza mtu mmoja unapata 47,564,295, ambayo inagawanyika kwa 3 na kwa 5, namba ambazo ile ya kwanza ilizikataa.

KOGO: Basi umenishindia kesi mwenyewe. Sifa inayofutwa na kilio cha mtoto mmoja si sifa ya taifa. Na sensa zetu hazijawahi kukosea mtu mmoja tu. Agosti 2010, Oparanya alipokuwa waziri wa mipango, alisimama akatangaza kwamba matokeo ya wilaya nane za kaskazini yamefutwa kwa kuwa hayaaminiki. Hata hivyo jumla ya mwaka 2009 imechapishwa hadi leo kama 38,610,097. Hiyo 97 ya mwisho nani aliiona? Namba iliyoandikwa hadi mtu wa mwisho inajifanya inajua kuliko waliohesabu.

Risiti moja, namba mbili

MWENYEKITI: Karani, wewe unashinda na namba kutwa. Unasimama wapi?

KARANI: Mimi nadhani wote wawili wanazungumzia namba kama kwamba ni za aina moja. Nikishapima majani, mashine inatoa risiti. Kwenye risiti ile kuna kilo, na kuna namba ya mkulima. Zote ni tarakimu, karatasi ni moja, wino ni mmoja. Lakini jaribu kukosea.

Nikiandika kilo 31 badala ya 30, Kogo amezidishiwa kidogo. Si haki, lakini kosa dogo limeleta hasara ndogo. Nikikosea tarakimu ya mwisho kwenye namba ya mkulima, kwa kiasi kilekile cha 1, majani yote ya siku hiyo yameingia kwa mtu mwingine. Hakuna anayesema, "Kogo ni karibu sana na jirani yake, tofauti yao ni 1 tu." Kwenye kilo, jirani ni karibu sawa na wewe. Kwenye namba ya mkulima, jirani ni mtu mwingine kabisa.

Ndiyo maana ukisema sifa za namba, mimi nauliza: sifa ipi? Ukubwa wa namba unavumilia kosa. Kugawanyika hakuvumilii. Mwalimu alichagua sifa isiyovumilia, akaivalisha namba ambayo imetokana na kuhesabu kwa kubahatisha hapa na pale. Hapo ndipo Kogo alipomkamata.

MWALIMU: Nakubali, lakini ukubwa nao ni sifa ya kihisabati.

KARANI: Ni sifa, na hiyo ndiyo inayotufaa hapa Sotik. Nitatoa mfano. Katiba ya 2010, Kifungu cha 89, inataka maeneo bunge 290 yakaribiane kwa idadi ya watu. Gawa 47,564,296 kwa 290: unapata 164,014 na baki ya watu 236. Haigawanyiki, na hakuna anayejali. Tuseme wastani ni 164,015. Katiba inaruhusu eneo lipite au lipungukiwe na wastani huo kwa asilimia 30, na asilimia 40 kwa miji mikubwa na kwa maeneo yenye watu wachache waliotawanyika.

Sasa chukua Sotik kama kaunti ndogo ilivyohesabiwa, watu 227,855. Asilimia 30 juu ya wastani inaishia kwenye 213,219. Sotik imepita mpaka huo kwa zaidi ya watu elfu 14, na imeupita wastani wenyewe kwa karibu asilimia 39. Sasa mrudishe mtoto wa jirani yake Kogo. Mrudishe na pacha wake. Sema karani wa sensa aliongeza watu elfu moja wasiokuwepo, au aliruka vijiji vitatu. Hitimisho halisogei: kwa hesabu ya 2019, Sotik imejaa kuliko kipimo cha kawaida. Hiyo ni sifa ya namba, ni ya kwetu, na haihitaji tarakimu ya mwisho iwe sahihi.

KOGO: Hiyo naikubali. Hiyo inaweza kuniletea mbunge wa pili au shule ya pili. Lakini angalia, Karani, hukuhitaji 13.

Mlinzi wa pakiti ya chai

FUNDI: Kogo, samahani, ningependa kukuonyesha mahali ambapo 13 na wenzake wanafanya kazi, na wewe huwa unawashika mkononi. Ukinunua pakiti ya majani ya chai dukani, kuna mistari myeusi na chini yake namba ya tarakimu 13. Ni namba kubwa kuliko sensa yetu mara nyingi, ni matrilioni. Bidhaa zilizosajiliwa Kenya huanza na 616. Ile tarakimu ya mwisho kabisa haielezi bidhaa yoyote. Kazi yake ni kulinda zile 12 za mbele.

Tuchukue namba ya mfano niliyoibuni: 616123456789, halafu tutafute ya mwisho. Jumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 6, 6, 2, 4, 6, 8, jumla 32. Zile za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea ni 1, 1, 3, 5, 7, 9, jumla 26. Hizo unazizidisha kwa 3, unapata 78. Jumla kuu 110. Inayotakiwa ni tarakimu itakayofikisha jumla kwenye makumi kamili, na 110 tayari ni makumi kamili, kwa hiyo ya mwisho ni 0. Mashine ya dukani ikisoma vibaya tarakimu moja yoyote, jumla haitakuwa makumi kamili, nayo itakataa.

KOGO: Kwa nini 3? Kwa nini si 2?

MWALIMU: Swali zuri, na jibu lake ni kugawanyika kulekule ulikokukataa. Namba 3 na 10 hazina kigawo cha pamoja. Ungetumia 2, basi kosa la kuandika 7 mahali pa 2 lingeongeza 5 mara 2, yaani 10 kamili, na mashine ingepitisha. Aliyebuni mpango huu alihitaji namba isiyoshirikiana na 10, na baada ya 1, 3 ndiyo ya kwanza kufaa.

FUNDI: Na mtu akibadilisha nafasi za tarakimu mbili zinazofuatana, mara nyingi mashine hugundua pia.

MWALIMU: Mara nyingi, si zote. Ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili jirani, jumla inabadilika kwa mara mbili ya tofauti yao. Tofauti ikiwa 5, mara mbili yake ni 10, na mashine haioni kitu. Sasa tazama mwanzo wa bidhaa zetu, 616. Tofauti ya 6 na 1 ni 5! Andika 166 badala ya 616 kwenye mfano wako: kundi la kwanza linatoa 27, la pili linatoa 31, mara 3 ni 93, jumla 120. Makumi kamili. Imepita.

KOGO: Kwa hiyo kosa linapitia kwenye jina la nchi lenyewe! Ni askari wa zamu anayelinda nyumba yote ila mlango wa mbele.

FUNDI: Lakini bila yeye, Kogo, mambo ni mabaya zaidi. Namba za simu hazina mlinzi wa namna hiyo. Ukikosea tarakimu moja ukituma pesa, namba utakayoipata inaweza kuwa ya mtu halisi, yuko Malindi, hakujui. Ndiyo maana siku hizi simu inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujakubali. Jina linafanya kazi ambayo tarakimu ya mwisho ingefanya.

Kufuli

FUNDI: Na kuna kazi kubwa zaidi. Unapofungua ukurasa wa benki kwenye simu, siri zako hupita hewani zikiwa zimefungwa. Mojawapo ya njia za kuzifunga ilibuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman. Unachukua namba tasa mbili kubwa, unazizidisha, na zao lake unaliweka hadharani. Anayetaka kukufungia ujumbe anatumia zao hilo. Anayetaka kuufungua bila ruhusa itabidi alivunje zao arudi kwenye namba tasa mbili, kama Mwalimu alivyovunja sensa.

KARANI: Mwalimu ameivunja ya sensa hapa tukimtazama.

MWALIMU: Ya sensa ina tarakimu 8, na imejaa vigawo vidogo. Kufuli la kawaida la aina hiyo lina tarakimu 617, na vigawo vyake viwili vina tarakimu zipatazo 309 kila kimoja. Kuzidisha namba mbili za namna hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua kwa simu yoyote. Kurudi nyuma ndiko kugumu. Mwaka 1977 walipotangaza njia yao walitoa namba ya tarakimu 129 wakaalika watu waivunje. Ilivunjika 1994. Februari 2020 watafiti walivunja ya tarakimu 250, wakitumia kompyuta nyingi kwa miezi. Hakuna aliyetangaza kuvunja ya 617 kwa njia hizo. Tena ukibadilisha tarakimu moja tu ya zao lile, kufuli limekufa. Kogo, ile tabia uliyoicheka, kwamba mtu mmoja akiongezeka vigawo vyote vinakimbia, hapa ndiyo ulinzi wenyewe. Kufuli linafaa kwa sababu halina "karibu sawa".

KARANI: Na kufuli lenyewe litadumu?

MWALIMU: Si milele. Mwaka 1994 huohuo, Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta za kwantamu zikikomaa zitavunja namba hizo haraka. Ndiyo maana Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya makufuli ya aina nyingine. Lakini hata hayo yamejengwa juu ya hisabati.

Ukamilifu na ushirikina

KOGO: Haya, kufuli nimelikubali. Namba ya mkulima nimeikubali. Lakini mimi nilikuja kupinga 47,564,296, na bado naipinga. Sifa zake zina faida gani?

KARANI: Kogo, mimi nimeona kitu. Ukizidisha 8, 13 na 19 unapata 1976.

KOGO: 1976? Ndio mwaka niliopanda chai yangu ya kwanza!

FUNDI: Na 13 wanasema ni nuksi.

MWALIMU: Hapo ndipo mnaponiharibia kazi. Namba yenye vigawo 32 haikosi kumpa kila mtu kitu cha kushangilia. Mmoja atapata mwaka aliopanda chai, mwingine namba ya nyumba, wa tatu nuksi yake. Tofautisheni sifa ya namba na sifa ya jicho linaloitazama. Kuna pia ile ya katikati, sifa ya maandishi yetu. Jumla ya tarakimu za sensa ni 43, ambayo ni tasa, lakini ni kwa sababu tunaandika kwa makumi. Kompyuta huandika kwa 0 na 1 tu, na kwake ile 43 haipo. Kugawanyika kwa 8 kupo palepale: kwa maandishi ya kompyuta kunaonekana kama sufuri tatu mwishoni mwa namba. Andika utakavyo, 13 itabaki ndani yake.

KOGO: Inabaki, lakini haifanyi kitu.

MWALIMU: Ngoja nikupe isiyofanya kitu hata kidogo, nione kama utaikataa. Vigawo vya 6, ukiiacha 6 yenyewe, ni 1, 2 na 3. Vijumlishe, unarudi kwenye 6. Wagiriki wa kale waliziita namba kamilifu. Inayofuata ni 28, kisha 496, kisha 8,128. Ya tano iko mbali: 33,550,336. Sensa ya 1999 ilikuta Wakenya 28,686,607. Ya 2009 ikawakuta 38,610,097. Watu huzaliwa na kufa mmoja mmoja, kwa hiyo idadi haikuweza kuiruka. Katika miaka ile kumi kuna dakika ambayo Kenya ilikuwa na watu wakamilifu kwa hesabu, 33,550,336, na hakuna aliyejua. Ya sita ni 8,589,869,056. Umoja wa Mataifa ulitangaza dunia imefika watu bilioni 8 Novemba 2022, kwa hiyo bado hatujaifikia. Ile yetu ya 2019 imepitiliza: vigawo vyake, bila yenyewe, jumla yake ni 53,538,104.

FUNDI: Na ile namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana? Niliisoma.

MWALIMU: Ilipatikana Oktoba 2024 na Luke Durant wa Marekani, katika mradi wa kujitolea ulioanza 1996. Ni 2 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 136,279,841, halafu unatoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Mpe kila Mkenya wa sensa ya 2019 tarakimu moja aishike, na Wakenya zaidi ya milioni sita na nusu watarudi nyumbani mikono mitupu.

KOGO: Wa mwisho kwenye foleni atashika ngapi? Au hilo nalo mpaka kompyuta?

MWALIMU: Atashika 1, na tunalijua tukiwa tumekaa hapa. Zidisha 2 kwa 2 kila mara, utaona tarakimu ya mwisho inazunguka: 2, 4, 8, 6, kisha 2 tena. Gawa 136,279,841 kwa 4, baki ni 1, kwa hiyo tunasimama kwenye ya kwanza ya mzunguko, yaani 2. Toa 1. Inabaki 1.

KOGO: Hiyo imenifurahisha, siwezi kudanganya. Namba hujaiona, huwezi kuiandika, na bado unajua inaishia na nini. Lakini inatumika wapi?

MWALIMU: Haitumiki popote. Makufuli yanataka namba tasa za tarakimu mia tatu, si milioni 41.

KOGO: Basi hiyo alipie mwenye kuipenda, si mkulima.

MWALIMU: Kogo, mwaka 1940 mwanahisabati wa Uingereza, G. H. Hardy, aliandika akijivunia kwamba nadharia ya namba iko mbali na shughuli za kawaida za watu. Miaka 37 baadaye likatoka kufuli la Rivest na wenzake. Aliyetafuta namba tasa kwa kuzipenda alikuwa analinda pesa zako bila yeye kujua.

KOGO: Mmoja alilinda. Wangapi hawakulinda?

MWALIMU: Wengi.

Kura

MWENYEKITI: Muda umekwisha. Hoja ilisema sifa za kihisabati za namba kubwa zinamfaa mtu wa kawaida wa Sotik. Nimesikia upande mmoja ukionyesha zinavyolinda pakiti ya chai na siri za simu, na upande mwingine ukionyesha kwamba 13 iliyo ndani ya sensa haijamletea mtu yeyote kikombe cha maziwa. Wote wamesema kweli. Kuna mwenye marekebisho?

KOGO: Ninayo. Andika hivi: mtu akiniletea namba kubwa, kabla hajaniambia sifa zake, aniambie kwanza ikikosewa kwa 1 kinaharibika nini. Akisema hakiharibiki kitu, tutazungumza ukubwa, tutagawa maeneo bunge na shule, na asinitishe kwa tarakimu ya mwisho. Akisema kinaharibika kila kitu, hapo aweke mlinzi na ahakikishe hadi tarakimu ya mwisho. Ugomvi wetu mwingi, kwenye mzani na kwenye sensa, ni watu kudai uhakika wa namba ya mkulima kwenye kitu kilichopimwa kama kilo, au kuandika namba ya mkulima kwa uzembe wa mtu anayekadiria mzigo kwa macho.

KARANI: Naunga mkono.

FUNDI: Nami naunga mkono, ila tuongeze kwamba hata mlinzi apimwe. Tumeona 616.

MWENYEKITI: Imeongezwa. Wanaokubali hoja kama ilivyorekebishwa, wainue mikono. Namwona Kogo, namwona Karani, namwona Fundi. Wanaokataa?

MWALIMU: Mimi.

MWENYEKITI: Mwalimu, hoja ilikuwa yako!

MWALIMU: Ilikuwa yangu ilipozungumzia sifa. Sasa inazungumzia manufaa, na hapo mko sawa, sina la kupinga. Lakini 47,564,296 iligawanyika kwa 13 kabla Kenya haijakuwa na mtu hata mmoja, na itagawanyika hivyo baada ya sensa ya 2029 na zote zitakazofuata. Siwezi kuipigia kura iwe na faida ndipo iruhusiwe.

Hoja iliyorekebishwa ikapita kwa kura tatu dhidi ya moja.